Kabla ya kiingilio cha bustani ya maji, familia ipange zamu

Shule zikifunga mwezi Juni na Desemba, kuna ombi ambalo wazazi wengi wa Dar es Salaam hawana pa kulikwepea. Mtoto mmoja darasani amepelekwa Wet 'n' Wild ya Kunduchi, amerudi na simulizi za mabomba ya kutelezea, na kuanzia siku hiyo wenzake hawana wimbo mwingine. Baba anasema tutaona. Mama anasema muulizeni baba yenu. Siku moja mmoja wao anajisahau na kutaja tarehe, na tarehe ikishatajwa mbele ya watoto inakuwa deni.

Mipango huanza hapo, na katika nyumba nyingi huanza na pesa na kuishia kwenye pesa. Kiingilio ni shilingi ngapi, nauli itakuwaje, watoto watakula nini. Ni maswali ya haki, hasa kama ada ya Januari inachungulia. Lakini bustani ya maji si sherehe ya kuzaliwa ukumbini. Ni mahali ambapo watu wazima wasiojua kuogelea wanalipa ili watoto wasiojua kuogelea waingie kwenye maji. Hesabu kubwa ya siku hiyo ni ya macho: watoto wangapi, na watu wazima wangapi wa kuwaangalia bila kufanya kitu kingine chochote.

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika ripoti yake ya mwaka 2024, lilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Wengi hawakufia kwenye bustani za michezo. Walifia mitoni, kwenye visima, madimbwi na hata ndoo za nyumbani. Chanzo hata hivyo kinafanana kila mahali: mtu mzima alikuwepo, akaondoka kidogo tu.

Tanzania inajua pia hatari ya watoto wengi kukusanywa mahali pamoja sikukuu. Siku ya Idi mwaka 2008, watoto wapatao 20 walikufa mjini Tabora katika disko toto, kwenye ukumbi uliofurika. Wazazi waliowaruhusu hawakuwa wazembe kuliko wengine. Waliamini kwamba palipo na tiketi na mlinzi mlangoni, kuna mtu anayehesabu.

Siku ipi?

Ushauri ambao watoto hawataupenda ni huu: familia isiende siku ya sikukuu yenyewe. Idi Mosi, Idi Pili, Desemba 26, Mwaka Mpya na Saba Saba ni siku ambazo fukwe na bustani zote za jiji hujaa. Foleni za mabomba zinakuwa ndefu, bwawa la watoto linageuka supu ya miguu, na mwokoaji aliyekaa kwenye kiti chake cha juu anatazama vichwa mia badala ya ishirini. Jumanne ya wiki ya pili ya likizo ni siku nzuri kuliko Idi Pili kwa kila kitu isipokuwa picha za kuwaonyesha ndugu.

Kama kazi haziruhusu siku ya wiki, basi Jumamosi asubuhi, na familia ifike geti linapofunguliwa. Jumapili ina tabia yake. Asubuhi panakuwa na nafasi, kisha ibada ya pili ikiisha makanisani, kuanzia saa sita magari yanamiminika. Familia iliyoingia mapema inakuwa imeshateleza vya kutosha, na inaweza kukaa kula wakati wengine wanajipanga kwenye foleni. Wanaokwenda bustani kubwa za nje ya nchi hutumia ujanja huohuo: saa ya kwanza huenda kwenye mchezo ulio mbali na geti, kwa sababu wengi husimama kwenye kile wanachokiona kwanza.

Hata wakubwa wa biashara hii waliwahi kuumbuliwa na siku yenye watu wengi. Disneyland ilipofunguliwa California Julai 17, 1955, wageni walizidi matarajio, wengine wakiwa na tiketi za kughushi. Joto lilikuwa kali kiasi kwamba visigino vya viatu vya akina mama vilizama kwenye lami mpya, na mabomba ya maji ya kunywa yalikuwa machache kwa sababu mafundi bomba walikuwa wamegoma. Kama Walt Disney mwenyewe na fedha zake alishindwa kuwapa watu maji ya kunywa siku hiyo, baba wa Tabata hana sababu ya kuona aibu kubeba madumu mawili.

Msimu nao una lake. Juni na Julai upepo wa kusi unavuma na maji huwa baridi. Mtoto mwembamba huanza kutetemeka baada ya nusu saa, midomo ikibadilika rangi, na bado atasema hasikii baridi. Atolewe, afutwe, avae nguo kavu, anywe kitu cha moto kidogo, kisha arudi. Desemba tatizo ni jua, na mara nyingine mvua za vuli. Ngurumo ya kwanza ikisikika, watoto wote watoke majini bila mjadala, na wasirudi hadi nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Mvua isiyo na radi haina neno. Watoto wameshalowa tayari.

Pesa, kwa ufupi

Bei za viingilio hubadilika, na siku za sikukuu zinaweza kutofautiana na siku za kawaida, kwa hiyo simu ipigwe wiki hiyohiyo. Bei aliyotaja jirani aliyekwenda mwaka juzi isitumike. Katika simu hiyo maswali yawe zaidi ya moja. Mtoto anahesabiwa kwa umri au kwa urefu? Mtu mzima asiyeogelea analipa kiasi gani? Chakula cha kutoka nyumbani kinaruhusiwa? Kuna makabati ya kufunga mizigo? Jaketi okozi zinapatikana, na ni za bure au za kukodi?

Swali la chakula ndilo huleta ugomvi getini. Mama ameamka saa kumi usiku, amepika pilau, ameifunga vizuri kwenye hotpoti, kisha mlinzi anasema vyakula vya nje haviingii. Kama sheria ni hiyo, kuna familia zinazokula pilau yao kwenye gari au kivulini nje kabla ya kuingia, saa nne hivi, halafu ndani wananunua chipsi za mchana tu. Ni mpango mzuri, na watoto hawaingii majini wakiwa na njaa.

Tuseme familia imetenga Sh250,000. Sh50,000 kati ya hizo zisiguswe hadi wakati wa kurudi. Wengi huishiwa saa tisa alasiri, baada ya soda ya tatu, kisha wanaanza kuomba watumiwe pesa kwa simu ili walipie bajaji. Kwa familia isiyo na gari, daladala za Tegeta zinashusha Kunduchi Mtongani, na kutoka hapo ni bajaji au bodaboda. Familia mbili tatu zikichangia Noah ya kukodi, nauli inashuka na watu wazima wanaongezeka. Hilo la pili lina thamani kubwa kuliko la kwanza.

Kuna wazazi watakaosema kwamba kwa kuwa wamefika Kunduchi, basi wamalizie baharini, au wapande boti wakaone kisiwa cha Mbudya. Siku moja haitoshi vyote hivyo. Mtoto aliyechoka saa tisa hafai kupelekwa kwenye mawimbi. Kama kuna muda wa ziada na nguvu, magofu ya Kunduchi yako jirani, yenye msikiti wa kale na makaburi yaliyopambwa kwa vyombo vya Kichina, na huko hakuna atakayezama.

Mwenye kofia

Inasimuliwa kwamba Walt Disney alipata wazo la bustani yake akiwa amekaa kwenye benchi katika bustani ya Griffith, Los Angeles, akiwatazama binti zake wakizunguka kwenye farasi wa mbao. Alitamani mahali ambapo wazazi na watoto wangefurahi pamoja. Kwenye farasi wa mbao mzazi anaweza kukaa kwenye benchi. Kwenye bwawa, benchi ndilo linalomponza.

Sababu ni kwamba mtoto anayezama hafanani na yule wa kwenye filamu. Hapigi kelele, kwa kuwa mdomo wake unazama na kuibuka na hana pumzi ya kuita. Hapungi mkono, kwa kuwa mikono inajaribu kusukuma maji chini. Kwa mtu aliyekaa mita kumi na simu mkononi anaonekana kama anayecheza, kichwa kimelala nyuma, mdomo uko usawa wa maji, nywele zimefunika macho. Jambo lote linaweza kuisha ndani ya dakika moja. Mzazi aliyezoea kusikia kilio nyumbani anasubiri kilio ambacho hakitakuja.

Hali ya pili ya hatari haisemwi sana kwa sababu inagusa heshima za watu. Wakiwepo watu wazima sita na watoto kumi, kila mtu mzima anaamini wengine watano wanaangalia. Baba mdogo anadhani shangazi yupo. Shangazi amekwenda kununua maji akiamini mama mtu yupo. Mama mtu anamnyonyesha mdogo. Watu sita, na hakuna anayetazama.

Dawa yake ni zamu, na zamu lazima ionekane kwa macho. Familia ichague kitu kimoja, kofia ya kapelo au leso nyekundu, na anayekivaa ndiye mwenye zamu. Hashiki simu. Hapigi picha. Haendi kununua chochote. Hachomi mishkaki. Anasimama ukingoni au anaingia majini, anahesabu vichwa, akimaliza anaanza upya. Baada ya dakika 20 anamvisha mwingine kofia hiyo na kusema kwa sauti, "Shemeji, nimekuachia, wako wanne, yule mdogo yuko kwenye ngazi." Shemeji akijibu "Nimewaona wote wanne," ndipo wa kwanza anaondoka. Dakika 20 zinatosha. Zaidi ya hapo macho ya mtu huanza kutazama bila kuona.

Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, zamu ya ukingoni haitoshi. Huyo awe na mtu wake, majini, umbali wa mkono. Kipimo ni rahisi: mtu mzima anyooshe mkono, kama hamgusi mtoto, yuko mbali. Maboya ya kupuliza ya mikononi na yale maduara yenye kichwa cha bata ni vitu vya kuchezea, yanachomoka na yanaishiwa upepo, na ubaya wake mkubwa ni kumpa mzazi amani isiyo na msingi. Jaketi okozi inayombana mtoto vizuri ni jambo jingine. Hata hiyo haichukui nafasi ya mtu.

Waokoaji wa bustani wana kazi yao na waheshimiwe. Wakipuliza filimbi, mtoto atoke kwanza, maswali baadaye. Lakini mwokoaji analinda bwawa zima. Hajui kwamba yule wa fulana ya kijani ndiye mwenye pumu, wala kwamba yule mrefu ana miaka minane tu.

Dada wa kazi si jaketi okozi

Hapa pana jambo la kusemwa bila kuzunguka. Katika safari nyingi za namna hii, dada wa kazi huchukuliwa "asaidie watoto." Ana miaka 18 au 19, ametoka Singida au Iringa, huenda hajawahi kuingia kwenye maji yaliyozidi magoti. Amekatiwa tiketi ya mtazamaji, kwa hiyo amevaa sketi na kandambili. Kisha amekabidhiwa watoto wanne na mkoba wa simu za familia nzima, wakati baba na mama wamekaa mezani na marafiki.

Likitokea jambo atafanya nini? Akiruka, wanazama wawili. Asiporuka, atabeba lawama maisha yake yote kwa kosa la watu waliompangia kazi asiyoiweza. Mzazi anayejua kwamba dada hawezi kuogelea, na bado akamwachia bwawa, ndiye aliyeacha watoto bila mtu.

Dada anaweza kushika zamu ya mizigo, ya kubadilisha nguo, ya mtoto mchanga kivulini. Anaweza pia kukatiwa tiketi kamili na kuteleza kama wengine, maana naye ni kijana na siku hiyo ni ndefu. Ale walichokula wengine, kwa wakati mmoja nao. Mwenye kofia awe mzazi au ndugu mtu mzima.

Kama katika familia nzima hakuna anayejua kuogelea, na hilo ni la kawaida kabisa, mpango ubadilike: watoto wote wabaki kwenye bwawa ambalo maji hayapiti kiuno cha yule anayewaangalia, naye awe ndani ya maji. Mtu mzima anayesimama kwenye maji ya kiunoni anaweza kumnyanyua mtoto bila kujua kuogelea. Asiyejua kuogelea asiruke kwenye kina. Apige kelele, arushe kamba, boya au hata dumu tupu lililofungwa kifuniko, anyooshe khanga ama fimbo akiwa amelala kifudifudi ukingoni.

Urefu, nguo na nywele

Jumapili moja kabla ya safari, watoto wapimwe nyumbani kwa futi ya fundi cherehani, wakisimama mlangoni bila viatu. Bustani nyingi duniani huweka kipimo cha mabomba makubwa kwenye sentimita 120 au juu kidogo. Kipimo hicho hakikuwekwa kwa roho mbaya. Bwawa la kutua linalomfika mtu mzima kiunoni linaweza kumfunika mdogo kichwa. Mtoto wa sentimita 112 akijua tangu nyumbani kwamba bomba kubwa si lake mwaka huu, atalia Jumapili hiyo na kusahau. Akiambiwa baada ya kupanda ngazi zote na kukaa foleni nusu saa, mbele ya kaka yake aliyeruhusiwa, siku yake imekwisha. Na wapo baba wanaojaribu kumwombea kwa mwokoaji: "Kaka, sentimita chache tu hizo." Mwokoaji anayekataa anastahili soda.

Nguo za pamba na jinzi hazifai. Zinanyonya maji, zinakuwa nzito, na kwenye mabomba mengi vifungo na zipu haviruhusiwi kwa sababu vinakwaruza. Dera, khanga iliyofungwa kiunoni na mtandio mrefu vinaweza kunasa au kumfunika mtu uso anapotua. Mama na binti wanaojisitiri wana nguo za kuogelea za kufunika mwili mzima pamoja na kichwa, za kitambaa chepesi kinachobana, na simu ya kuuliza bei iulize pia kama zinaruhusiwa. Rasta na nywele ndefu zifungwe juu au ziingie kwenye kofia ya kuogelea, kwa kuwa matundu ya chini ya bwawa yanavuta maji na yanaweza kuvuta nywele. Mtoto asiruhusiwe kukalia tundu lolote.

Rangi ya nguo ina maana kuliko inavyodhaniwa. Bluu na nyeupe hupotea ndani ya maji. Chungwa kali, waridi kali au njano ya kuwaka huonekana hata mtoto akiwa chini. Watoto wote wa familia wakivaa fulana za rangi moja ya kuwaka, mwenye kofia anahesabu kwa sekunde tatu.

Na maji yenyewe yatazamwe kabla ya mtu kuingia. Kama alama za sakafuni kwenye kina hazionekani wazi, familia isiingie kwenye bwawa hilo, hata kama kiingilio kimeshalipwa.

Jua na tumbo

Dar es Salaam iko karibu na ikweta na jua la kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni halina huruma, hata kukiwa na mawingu na upepo. Ngozi nyeusi nayo huungua, ila wengi hugundua usiku mabega yanapouma. Losheni ya kuzuia jua ipakwe kabla ya kuingia majini na irudiwe kila baada ya saa mbili au mtoto anapojifuta.

Kwa mtoto mwenye ualbino mpango wote ugeuzwe. Aingie majini asubuhi sana au baada ya saa kumi, avae mikono mirefu na kofia pana, na saa za katikati akae kivulini na michezo yake, huku nduguye mmoja akikaa naye kwa zamu ili asione ametengwa. Wazazi wa watoto hawa wanayajua mafuta ya Kilisun yanayotengenezwa KCMC, Moshi. Yasisahaulike nyumbani siku ambayo yanahitajika kuliko zote.

Kuhusu chakula, kidogo na mara kwa mara. Ndizi, karanga, mayai ya kuchemsha, chapati iliyokunjwa. Mtoto mwenye kuhara abaki nyumbani, hata kama amelia, kwa sababu anachokiacha majini kitanywewa na watoto wa wengine. Wadogo wapelekwe chooni kila saa bila kuulizwa kama wanahisi haja. Pampasi ya kawaida ikilowa inavimba na kupasuka. Zipo za kuogelea, nazo hazizuii kila kitu.

Mtoto akipotea

Asubuhi, kabla ya geti, kila mtoto apigwe picha ya mwili mzima na simu. Akipotea, hakuna atakayebabaika kukumbuka kaptula ilikuwa ya rangi gani. Namba ya simu ya mzazi iandikwe mkononi kwa kalamu ya wino usiofutika, ndani ya kigasha. Waonyeshwe mahali pa kukutana, na sare za wafanyakazi, ili wajue wa kumkimbilia.

Mtoto asipoonekana, majini patazamwe kwanza. Wengi huanza kwenye choo, dukani na mchanga, na dakika zinazopotea huko ndizo zenye thamani. Ubongo usiopata hewa huanza kuharibika ndani ya dakika nne hadi sita. Mtu mmoja akague mabwawa, mwingine amwambie mwokoaji papo hapo, wa tatu aende getini.

Akitolewa majini hapumui, asininginizwe kichwa chini, asikandamizwe tumbo ili "atapike maji." Hayo yanapoteza muda na yanaweza kusukuma matapishi kwenye mapafu. Anahitaji hewa: alazwe chali mahali pagumu, kichwa kiinuliwe kidogo kwa kidevu, apuliziwe pumzi mdomoni mara tano, kisha kifua kikandamizwe mara 30 kwa pumzi mbili, bila kukoma, hadi apumue au msaada ufike. Mwokoaji aliyefunzwa akiwepo, apishwe. Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa 114, na polisi kwa 112. Mafunzo ya huduma ya kwanza ya Msalaba Mwekundu huchukua muda mfupi, na mzazi mmoja katika kila ukoo angetosha kuwa ameanza.

Kurudi

Saa ya kuondoka itangazwe asubuhi, irudiwe saa moja kabla, na iheshimiwe. Ajali hupenda nusu saa ya mwisho, watu wazima wanapokunja mikeka na kila mtoto anaomba "mara moja tu ya mwisho." Kofia ibaki kichwani mwa mtu hadi mtoto wa mwisho avae viatu. Vichwa vihesabiwe getini, na vihesabiwe tena ndani ya gari, kwa majina.

Mtoto aliyemeza maji vibaya au kuvutwa kutoka chini atazamwe jioni hiyo. Akikohoa mfululizo, akipumua kwa haraka au kwa shida, akilegea na kulala usingizi usio wa kawaida, apelekwe hospitali usiku huohuo na daktari aelezwe kilichotokea bwawani. Kama anakula, anagombania rimoti na kusimulia alivyoteleza, aachwe asimulie. Nguo mbichi zitoke kwenye mfuko kabla ya kulala, la sivyo kesho nyumba nzima itanuka.